Tupeane uzoefu: kukarabati samani za mbao tulizorithi

Ndugu zangu, naomba kila aliyewahi kukarabati samani kuukuu aeleze alichofanya, hasa pale alipokosea. Naanza na kasha la msaji la bibi yangu, lenye njumu za shaba (mapambo yaliyopigiliwa kwenye mbao), ambalo lilikaa miaka mingi katika chumba chenye unyevu hadi kitako chake kikaliwa na dumuzi. Fundi wa kwanza alitaka kulipiga msasa lote na kulipaka vanishi inayong'aa. Nilikataa, kwa sababu ule weusi wake uliokolea umetokana na miaka ya kushikwa kwa mikono. Nilichovya pamba katika spiriti nikasugua mahali palipofichika, polishi ikalainika na kunata, nikajua ni shelaki, polishi ya asili inayoyeyuka kwa spiriti, ambayo hutengenezeka bila kukwanguliwa. Kosa langu lilikuwa kusafisha njumu kwa ndimu na chumvi, kwani majimaji yake yaliacha mabaka meupe kwenye polishi kuzunguka kila njumu.

*Kutoka Mombasa:* Ahsante, dada. Kiti cha mvule cha marehemu baba kilikuwa kinayumba, na waliokitengeneza kabla yangu walikuwa wamepigilia misumari kwenye viungo, hata ndimi, zile ncha za mbao zinazoingia kwenye matundu ya viungo, zikapasuka. Nilikifungua chote, nikaandika namba kwenye kila kipande kwa chaki, kisha nikakwangua gundi ya zamani mpaka mbao ikaonekana, maana gundi mpya haishiki vizuri juu ya ile iliyokauka. Kikalio nilikifumisha upya kwa henzirani, zile nyuzi za mmea za kusukia viti, ambayo hulowekwa kwanza isivunjike, nayo hujikaza yenyewe inapokauka.

*Kutoka Morogoro:* Mimi kabati la mninga nililipaka rangi nyeupe ya mafuta ili liendane na sebule mpya, na nilipojuta, kuitoa kwenye nakshi kulinichukua wiki tatu. Anayetaka sura mpya abadilishe vishikizo au kioo, na vile vya zamani avihifadhi. Dada mwenye kasha, dumuzi uliwaondoaje?

*Mwenye kasha:* Sehemu iliyolika niliikata nikaweka ubao mpya wa msaji, nilioufuta kwanza kwa spiriti kwa kuwa mafuta ya mti huo huzuia gundi kushika. Matundu yaliyobaki niliyatia dawa kwa bomba la sindano, na hadi leo hutandika karatasi nyeupe chini ya kasha nione kama kuna unga mpya unaodondoka.