Ushauri: Filimbi ya Kiayalandi ya plastiki, niichukue au nisubiri ya mpingo?

Mleta uzi: Wakuu, habari za jioni. Nipo Galway, Ayalandi, kimasomo. Huku jioni wanamuziki hukusanyika kwenye meza ya baa na fidla, kodiani na filimbi, wanapiga nyimbo za kwao bila karatasi. Iliyoniteka ni ile filimbi ndefu inayoshikwa kwa kulala. Nimeazimwa ya plastiki ngumu, matundu sita, haina vibonyezo. Noti za G na A zinatoka safi, ila nikifunga matundu yote nipate D ya chini, nasikia pumzi tupu. Mkono wa kulia nao unauma. Mwenyewe anaiuza bei nafuu sana. Je, ndiyo ubovu wa plastiki?

Mzee wa Zumari: Mkuu, usiilaumu plastiki bado, hapo kuna kidole kinavujisha hewa. Anza na B, kidole kimoja tu, kisha ongeza kimoja kimoja ukishuka hadi D. Sauti ikikatika, mkosaji ni kidole ulichoongeza hapo hapo. Matundu ya chini yameachana sana, kwa hiyo usiyafunike kwa ncha. Nyoosha vidole, ufunike kwa nyama ya pingili. Wapulizaji wengi wa huko hushika hivyo, na mkono utapumzika.

Binti Kilwa: Kabla hujalipa, ichungulie ndani. Mwili unatakiwa usinyae kuelekea mwisho. Ukikuta ni bomba la upana mmoja, achana nayo: ukipanda oktava ya pili (noti zilezile, ngazi ya juu) noti za juu zinapwaya, yaani zinashuka chini ya sauti yake sahihi, na kando ya fidla kosa litasikika. Pima kwa programu ya simu ya kupimia noti.

Mpingo wa kwetu unasifiwa dunia nzima kwa filimbi hizi, nami najivunia hilo. Ila unataka mafuta, tena hewa kavu ya hita huweza kuupasua. Ya plastiki unaifuta, unaiweka. Kinachobeba sauti zaidi ni umbo la ndani na tundu la kupulizia.

Mleta uzi: Asanteni sana! Mwili unasinyaa kweli, na mkosaji ni kidole cha pete cha kulia. D inatoka, ila hafifu.

Mzee wa Zumari: Safi. Usiongeze nguvu, itarukia oktava ya juu. Bana midomo, elekeza pumzi chini kidogo, kwenye ukingo wa mbali wa tundu. Ichukue hiyo, mkuu.