Mtoto kufuga kiwavi ndani mpaka awe nondo: shule ziendelee au ziache?

Mama Nasra, Chikongola: Habari zenu ndugu zangu. Mwanangu wa darasa la nne kaokota kiwavi kwenye matembele nyuma ya nyumba, wa kijani, mnene kama kidole gumba, mkiani ana kapembe. Anamfuga kwenye kopo la rangi mpaka awe nondo, mwalimu wao ndo kawaambia. Jana baba yake mdogo kaja kaliona kopo anataka kulitupa, anasema mharibifu hafugwi. Mimi niko upande wa mtoto. Nyie mnaonaje?

Mkulima wa Tandahimba: Shemeji yako yuko sahihi kabisa. Viwavijeshi walipoingia nchini 2017 nilikuwa naamka alfajiri nawatoa kwa mkono, mmoja mmoja kwenye moyo wa mhindi, na bado nikavuna magunzi. Leo mwalimu anamfundisha mtoto kuwalea! Sisi umri huo tulikuwa tunabangua korosho, tukajua maana ya kazi.

Mwalimu wa Sayansi, Lindi Mjini: Mzee wangu, kiwavijeshi vamizi mwangalie usoni ana alama kama Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa manne yamekaa mraba. Huyu wa matembele mwenye pembe ni mwingine. Halafu nondo wa aina hii wenye mrija mrefu wa kunyonyea ndo wanaokuja magharibi kwenye maua ya mipapai, wanabeba chavua ya mpapai dume kupeleka kwa jike. Tukiua kila kiwavi tunayemuona tutakula papai gani?

Binti wa Newala: Mi nimekwama hapo kwenye kubangua. Mzee unakusifia? Yale mafuta ya ganda yanachoma, nilikuwa na miaka tisa, vidole viwili mpaka leo ngozi yake haijarudi sawa, darasani nilikuwa naficha mikono chini ya dawati. Bora huyo anayelisha kiwavi.

Mkulima wa Tandahimba: Binti yangu mi sijasema mtumikishwe, nimesema tuliwasaidia wazazi. Hamkupaka majivu mikononi? Na ada yako ililipwa na nini kama sio korosho?

Binti wa Newala: Ililipwa na mama kwa mihogo ya kuchemsha stendi. Ya korosho baba alijua mwenyewe inakoenda.

Kaka wa Masasi: Mkigusa hela ya korosho mnanitonesha. Ule mwaka jeshi lilipokuja kusomba korosho, 2017 nadhani, tuliambiwa 3,300 kwa kilo, mi nikasubiri mpaka nikauza mbuzi.

Mkulima wa Tandahimba: Ilikuwa 2018 bwana, hata hilo umesahau?

Kaka wa Masasi: Mwaka nimesahau, mbuzi sijasahau.

Bibi wa Mikindani: Wajukuu zangu mmetoka mbali sana na kiwavi. Bibi yangu alikuwa akiona nondo mkubwa kaingia ndani usiku anasema mzee kaja kututazama, anapunguza taa, hakuna kumuua. Ila kiwavi mwenye manyoya asiguswe, atawawasha mwili mzima.

Mama Nasra: Asante bibi, huyu hana manyoya. Jamani toka asubuhi hali tena, jana usiku alimaliza jani zima, chini kuna vinyesi kama punje za pilipili manga. Sasa anazunguka kopo bila kutulia na rangi inageuka. Mtoto analia anasema anakufa.

Mwalimu wa Sayansi, Lindi Mjini: Hafi huyo mama, anatafuta pa kujifukia. Mwekee udongo laini wenye unyevu kidogo, kina cha kiganja, ataingia mwenyewe awe pupa, yaani hatua ya kabla ya nondo, ya kahawia yenye kitu kama mkono wa birika, mrija unajitengeneza humo. Msimfukue. Na msimamishie kijiti, akitoka mabawa yana majimaji yamejikunja, asipopata pa kupanda aning'inie yatakauka yamepinda hataruka tena.

Mkulima wa Tandahimba: Mi bado sijakubali. Ila mwalimu, nina mpapai dume nilikuwa niukate wiki hii maana hauzai, niuache?

Binti wa Newala: Mzee, vidole vyangu bado hujavijibu.