Kutoa redio iliyokuja na gari bila kuvunja dashibodi

Mwendesha_K aliuliza:
Wakuu, nina Toyota yenye redio ya kiwandani ya DIN mbili (saizi yenye kimo maradufu ya redio ya kawaida), nataka kuitoa niweke ya skrini. Kwa nje sioni skrubu hata moja. Naanzia wapi, na kipi huharibika kirahisi?

Nyaya12V:
Skrubu zipo, zimejificha nyuma ya fremu ya plastiki inayoizunguka redio. Kama redio inadai namba ya siri ikikatiwa umeme, itafute kwanza, hasa ukitaka kuiuza au kuirudisha baadaye.

Kama gari ni otomatiki, vuta hendibreki na uteremshe gia kutoka P kabla hujagusa betri. Umeme ukishakatika gia itagoma, na rungu lake litakuzibia njia ya fremu. Kisha zima swichi, fungua waya wa hasi kwa spana namba 10. Usiruke hatua hii: nyuma ya redio kuna waya wenye umeme hata swichi ikiwa imezimwa, waya huo ukigusa bodi ya gari fyuzi inaungua.

Bandika tepu ya karatasi kwenye kingo za dashibodi. Ingiza kabari ya plastiki kona ya chini, si bisibisi, maana chuma huacha kovu lisilofutika. Klipu ikiachia utasikia "ta!", hamia inayofuata. Vuta kuja kwako moja kwa moja. Ukivuta kwa upande, miguu ya klipu inakatika. Fremu ikitoka usiinyakue, swichi ya hazadi (taa za tahadhari) bado imeshikwa na plagi kwa nyuma. Bonyeza ulimi wa plagi ndipo uchomoe.

Hapo utaona bolti 4 za namba 10, mbili kila upande. Ziba uwazi wa chini kwa kitambaa kwanza, kwani bolti ikidondokea ndani ya dashibodi utaitafuta hadi uchoke. Antena ichomoe kwa kushika kichwa chake, usivute waya.

Mwendesha_K:
Asante mkuu. Na fremu ikitoka chini, juu ikagoma?

Nyaya12V:
Acha kuvuta. Kuna skrubu hujaiona, mara nyingi chini ya kifuniko kidogo au nyuma ya matundu ya hewa.

Spika_Nne:
Naongezea upande wa kufunga. Usikate plagi ya kiwandani, nunua adapta ya plagi ya Toyota. Kwenye redio nyingi mpya njano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni wa swichi, nyeusi ni erthi (unaungwa kwenye bodi ya gari). Ukibadilisha njano na nyekundu, redio itasahau saa na stesheni kila ukizima gari. Ukiziunga zote kwenye umeme wa kudumu, betri italala. Waya hasi za spika usiziunge kwenye bodi kamwe, utaunguza amplifaya ya ndani ya redio.

Tundu la Toyota lina upana wa milimita 200, redio nyingi za DIN mbili zina 180, hivyo utahitaji vipande vya kuziba milimita 10 kila upande. Vile vyuma vya pembeni vilivyoshika redio ya zamani hamishia redio mpya kwa skrubu fupi. Ndefu hutoboa hadi kwenye saketi.

Kabla ya kurudisha fremu, unga kila kitu, washa, sikiliza spika moja moja na ujaribu hazadi.