MJADALA: Sanamu ya Askari pale Samora, ibaki au ipelekwe Makumbusho?

Wakuu, tulijadili bila matusi. Barabara ya Samora hapa Dar imebadilishwa jina kila mwenye nchi alipobadilika. Mjerumani aliiita Unter den Akazien, Mwingereza akaifanya Acacia Avenue, baada ya Uhuru ikawa Independence Avenue, leo ina jina la Samora Machel, aliyefariki kwa ajali ya ndege Oktoba 1986. Hata pale kwenye mzunguko, kabla ya huyu askari wa shaba na singe yake, alikuwapo Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani. Waingereza walipouteka mji 1916 wakamshusha, na askari akazinduliwa 1927. Sasa anayesema kumwondoa ni kufuta historia anifafanulie, maana yeye mwenyewe amekalia nafasi ya aliyeondolewa. Maandishi yake yanawakumbuka waliokufa Vita Kuu ya Kwanza kwa ajili ya mfalme wao. Mfalme gani, wa Uzaramoni? Apelekwe Makumbusho ya Taifa, pale Shaaban Robert, hata kwa miguu unafika.

— Mkuu, unachanganya. Wissmann alikuwa gavana, mtu wa kuamrisha. Huyu ni Mwafrika aliyeamrishwa. Posta yenyewe kila siku wanavunja cha zamani wapandishe ghorofa, jengo la Salamander limekwenda, na huyu naye mnamtaka?

— Mwafrika sawa, ila wa upande mmoja, wa Mwingereza. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, naye alikuwa na maelfu ya askari weusi, wengi wa hapahapa Tanganyika. Wa kwao wako wapi? Na wapagazi je? Vita ile iliua wapagazi wengi kuliko askari, na zaidi ni njaa na maradhi, si risasi. Nairobi wana sanamu ya 1928 ya mchongaji huyohuyo, James Alexander Stevenson. Ina watu watatu, na mpagazi ni mmoja wao. Sisi mpagazi tumemwachia mstari wa maandishi tu, tena anayeusoma nani? Watu wako mbioni kuwahi gari.

— Mimi mleta mada bado nasema Makumbusho. Ila mkishinda akabaki, basi mpagazi naye asimamishwe Kariakoo, ilipokuwa kambi yao wakati wa Mwingereza.

— Kariakoo ipi, mkuu? Machinga wenyewe hawana pa kutandaza, wewe unatafuta pa sanamu!