Mjadala: Je, vijana wanaotengeneza katuni za michoro michache wapewe mkopo wa halmashauri?

Ndugu wachangiaji,

Hoja iliyo mbele yetu ni hii: vijana wachoraji wa Mtwara na Lindi wanaotaka kutengeneza katuni za televisheni na simu wahesabiwe kuwa na mradi halali wa kuombea mkopo usio na riba, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, au waambiwe wasubiri mpaka wapate studio kamili? Mwalimu wetu wa sanaa kutoka Lindi, aliyetangulia kuchangia, amesema wasubiri. Kwa maoni yake, katuni ambayo mwili umesimama na mdomo pekee ndio unaocheza ni kazi ya kulipua, na mtoto aliyezoea katuni za Marekani ataikataa mara moja. Namheshimu Mwalimu, lakini katuni alizozitaja kuwa kipimo, yaani The Flintstones na Scooby-Doo, zilitengenezwa kwa njia hiyohiyo anayoilaumu. Kwa hiyo naomba tuitazame historia ya studio iliyozitoa, Hanna-Barbera, kabla ya kuwafungia vijana mlango.

William Hanna na Joseph Barbera walikutana katika kampuni ya filamu ya Marekani, MGM, mwaka 1937, na kati ya 1940 na 1958 zilitoka filamu zao fupi 114 za Tom and Jerry, ambazo 7 kati yake zilipata tuzo ya Oscar. Humo kila mwendo ulichorwa kwa ukamilifu. Filamu hupita picha 24 kwa sekunde, na hata mchoro mmoja ukiachwa ukae kwa picha mbili, bado inahitajika michoro 12 kwa sekunde; kwa dakika 7 hiyo ni michoro zaidi ya 5,000 ya paka peke yake, panya hajaguswa. Mwaka 1957 MGM iliifunga idara yake ya katuni, kwa kuwa ilikwisha kuona kwamba kuzionyesha upya filamu za zamani kulileta mapato yanayokaribia yale ya filamu mpya. Mabingwa hao wawili wakajikuta hawana kazi. Wakaanzisha studio yao mwaka huohuo na kugeukia televisheni, ambayo iliwapa takriban dola 3,000 kwa kipande cha dakika 5, ilhali filamu moja ya Tom and Jerry ilikuwa ikigharimu makumi ya maelfu ya dola.

Jinsi walivyolikabili pengo hilo inastahili kuelezwa kwa kina, kwa maana ndiyo kiini cha mjadala wetu. Tangu walipokuwa MGM walikuwa na desturi ya kuipiga picha michoro mikuu pekee ya filamu na kuitazama ikipita, ili wapime muda wa kila kichekesho kabla wachoraji hawajajaza michoro ya katikati. Kipindi chao cha kwanza, The Ruff and Reddy Show, kilichoanza kurushwa na mtandao wa televisheni wa NBC Desemba 1957, kilitokana na desturi hiyo. Kiwiliwili cha mhusika kilichorwa kwenye karatasi angavu ya plastiki, kichwa kwenye nyingine na mkono kwenye nyingine, kisha kikabadilishwa kile tu kilichopaswa kujongea. Dubu wao Yogi Bear, aliyeonekana mara ya kwanza mwaka 1958, amevalishwa kola na tai kwa sababu hiyo: kola huficha mahali kichwa kinapoungana na kiwiliwili, hivyo kichwa kikigeuka, kiwiliwili hakichorwi upya. Hatua za kutembea zilichorwa mara moja zikarudiwa, na mandhari ya nyuma yakapitishwa kwa mzunguko, ndiyo maana Fred Flintstone akikimbia ndani ya nyumba yake hupita dirisha lilelile mara kadhaa. Kishindo cha ajali mara nyingi kilisikika nje ya picha, kamera ikatikiswa, na mtazamaji akaikamilisha ajali yenyewe akilini mwake.

Nguvu iliyookolewa kwenye kalamu ilihamishiwa kwenye maneno na sauti. Barbera alisimamia hadithi na vichekesho, Hanna akapanga muda wa kila tendo, Hoyt Curtin akatunga muziki, na waigizaji wa sauti kama Daws Butler na Don Messick wakawapa wahusika lafudhi na tabia ambazo mtu angezitambua hata akiwa chumba kingine. The Huckleberry Hound Show ilipata tuzo ya Emmy mwaka 1960, na mwaka huohuo The Flintstones ikaanza kurushwa jioni na mtandao mwingine wa televisheni, ABC, ikadumu hadi 1966 kwa sehemu 166.

Mwalimu hakukosea kabisa. Chuck Jones, mmoja wa waongozaji wakubwa wa katuni za sinema, aliziita katuni za namna hii redio yenye michoro. Baada ya Scooby-Doo kufanikiwa mwaka 1969, studio ilitoa vipindi vingi vilivyofuata mfumo uleule wa vijana wanaochunguza mafumbo, na wachoraji wa Hollywood waligoma mwaka 1979 na 1982 wakipinga kazi kupelekwa nchi za nje. Hata hivyo naona ubora ulishuka kwa sababu ya kukimbiza wingi wa vipindi na kuchoka kwa hadithi. Uchache wa michoro ulikuwepo tangu siku ya kwanza, wakati kazi ilipokuwa bora.

Tena watu wa Kusini hatuna sababu ya kudhani kwamba uso usiojongea hauna uhai. Katika ngoma ya mapiko, inayochezwa na Wamakonde wa pande zote mbili za mto Ruvuma, uso wa kinyago ni mti mtupu, lakini ngoma na miguu ya mchezaji huufanya uonekane unacheka au unatisha.

Kwa hadithi hatuna upungufu. Katika kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913, na mifupa ya mmoja wao, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, imesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin. Mnyama huyo anafaa sana kwa njia ninayoitetea: kiwiliwili kikubwa kinachorwa mara moja, shingo na kichwa vinafanya kazi yote, na msimulizi mwenye Kiswahili cha pwani anabeba kilichobaki. Ubongo Kids, inayotengenezwa Dar es Salaam tangu 2014, imekwisha kuonyesha kwamba watoto wetu hukaa na kutazama katuni inayosema nao kwa lugha yao.

Napendekeza basi kamati ya mikopo isianze kwa kuuliza idadi ya kompyuta. Kikundi kilete hadithi iliyoandikwa mpaka mwisho, sauti zilizokwisha kurekodiwa, kielelezo cha dakika 2, na maelezo ya nani atanunua kazi hiyo ili marejesho yapatikane. Kikundi kisichoweza kuleta sauti nzuri kinyimwe, hata kama michoro yake inavutia. Mwalimu, ukikubali masharti hayo, je, kuna sharti gani ungeliongeza kuhusu uchoraji wenyewe?