Waliogongewa gari za zamani, bima iliwafanyia nini? Tupeane uzoefu

NzeWaNgata
Wadau habari za jioni. Nimetoka kwa broka wa bima saa hii nikiwa na karatasi mkononi na tangu asubuhi sijaweka kitu mdomoni, kwa hivyo mnivumilie niseme yote. Gari yangu ni Toyota NZE ya 2003, namba KBK, nimekaa nayo miaka kumi na moja, watoto wangu wawili wote walitoka hospitali ndani yake. Wiki tatu zilizopita, Jumapili jioni, natoka Njoro nikiingia Ngata, pikapu ya nyasi ikanikatia mbele bila indiketa. Nilikanyaga breki lakini wapi. Bonet ilikunjika kama bati la paa lililobebwa na upepo, radieta ikaingia kwa injini, erbagi zote mbili zikatoka. Mimi niko sawa, kifua tu kiliuma siku nne.

Mimi nalipa komprehensivu, ile bima inayolipa hata gari yako mwenyewe, kila mwaka, sijawahi kuruka. Gari ilipimwa thamani 2022 wakaandika 620,000, na kila nikirudi kulipia wanapiga hesabu kwa hiyo 620,000. Mwaka huu nimetoa 37,500. Sasa asesa wao, yule mkaguzi wa hasara, amesema gari imekwisha, ni raitofu, yaani haifai kutengenezwa, na bei yake sokoni ni 430,000. Nikiwaachia gari wanakata ekses, ile sehemu ya hasara nabeba mwenyewe, 20,000 nabaki na 410,000. Nikitaka kubaki nayo wanatoa tena 110,000 ya mabaki, napata 300,000. Kama gari ni ya 430,000, mbona pesa yangu ilichukuliwa kwa 620,000? Na wanataka niweke sahihi kabla ya Ijumaa. Waliopitia hii kitu tafadhali niambieni mlifanyaje.

OmeraNyamasaria
Pole sana ndugu. Yangu ilikuwa hivyo hivyo, tofauti ni kwamba ilikuwa Premio.

BrokaKisumu
Pole mkuu, na shukuru Mungu uko mzima. Mimi niko kwa hii kazi miaka tisa wacha nikueleze. Ile 620,000 iliyo kwa hati ni kikomo, maana yake hawawezi kukulipa zaidi ya hapo. Wanacholipa ni bei ya gari sokoni siku ile kabla haijagongwa. Gari hushuka bei kila mwaka, ndio maana unatakiwa kupima thamani upya unapolipia tena. Na ukiandikisha chini ya thamani pia unaumia, kwa sababu gari ikiwa ya 600,000 na umeandikisha 300,000, hata uharibifu mdogo wanakulipa nusu.

DadaKondele
Broka, siku ya kuchukua 37,500 kwa nini hakuna mtu alimwambia bei imeshuka? Juu bei ya gari ikipanda mnapigia mtu simu mara tano lakini ikishuka mko kimya.

BrokaKisumu
Dada mimi wateja wangu wote nawaambia. Siwezi kujibia broka mwingine.

DadaKondele
Unawaambia wapi, kwa ile karatasi ya maandishi madogo kama mchanga? Mwaka juzi mimi niligongwa na bodaboda hapo Kondele, taa na bampa, nikaambiwa nilipe ekses kwanza, na taa yenyewe haifiki bei ya ekses. Nikatengeneza kwa mfuko wangu. Usitetee.

FundiShabab
NzeWaNgata usiachie hiyo gari. NZE spea zake ziko kila mahali. Juzi nimefunga nosi kati, yaani sehemu nzima ya mbele iliyokatwa kwa gari kuukuu, ya Japani kwa NZE moja hapa Shabab, bonet, fenda mbili, taa, radieta na rangi juu, mwenyewe alitoa 95,000 na labour ndani. Chukua 300,000, tengeneza, ubaki na gari na pesa. Kitu cha kuangalia ni ile miguu ya mbele ya bodi kama imerudi nyuma. Fungua milango ya mbele: ikifunga bila kugusa juu, bodi haijapinda sana.

MwalimuWaMbale
Fundi, kwa heshima zote, mimi ushauri huo uliniponza. Nilibaki na mabaki ya gari langu baada ya kugongwa pale Chavakali. Lilitengenezwa likang'aa, lakini ukiachilia usukani kidogo linakimbilia kushoto. Walirekebisha mara nne, tairi za mbele zikawa zinaisha upande mmoja. Kisha mwaka uliofuata kila kampuni niliyoenda, wakisikia liliwahi kuandikwa raitofu, wananipa thadi pati peke yake, ile bima inayolipa unaowagonga tu. Nilipouza nilimwambia mnunuzi ukweli, akapunguza bei mpaka nikaona uchungu. Waachie gari, chukua 410,000, tafuta nyingine.

FundiShabab
Mwalimu hiyo ni fundi hakuvuta bodi vizuri, sio makosa ya gari.

MwalimuWaMbale
Huenda. Lakini aliyelipa ni mimi.

MamaViazi
Nimesoma hii nikaona lazima niandike, hata kama ni ndefu. Mimi ni wa Elburgon. Mume wangu alifariki akaniachia Toyota 110, ile ya zamani ya taa za duara kidogo, na gunia za viazi ndio kazi yangu. Kwa sababu ya miaka ya gari hakuna mtu angenipa komprehensivu, kwa hivyo nilikuwa na thadi pati tu. Siku hiyo nampeleka mama mkwe wangu kliniki Nakuru, presha. Tumeanza kushuka Sachangwan, mnajua pale, ile mteremko mpaka Salgaa magari makubwa yananuka breki. Nikaona kwa kioo trela inakuja ikiwa imewasha taa zote na inapiga honi bila kuachilia. Hiyo honi bado naisikia usiku. Nilijaribu kutoka barabarani, nikawa nimetoka nusu, ikanipata nyuma kulia ikanitupa mtaroni, nayo ikaenda ikalala mbele.

Nilikuwa na gunia mbili za viazi kwa buti, zile za Shangi, na naamini hizo ndizo zilizotuokoa kwa sababu buti yote ilifika kwa kiti cha nyuma na ikaishia kwa gunia. Viazi vilikuwa kila mahali, kwa nywele za mama, kwa pedeli. Mama mkwe hakulia, aliniuliza tu, kiatu changu kiko wapi. Kiatu kimoja cheusi cha raba. Nikaanza kutafuta kiatu kama mtu amerukwa na akili, na hapo ndio nikasikia harufu ya mafuta. Sisi watu wa huku tunakumbuka ule moto wa tanka wa Januari 2009 hapo hapo Sachangwan, watu zaidi ya mia walikufa wakichota petroli. Nikaona vijana wawili wanakuja na mitungi. Nilipiga kelele mpaka sauti ikaisha. Nilimburuta mama mpaka juu kwa nyasi. Mungu mkubwa, haikuwaka. Mama alivunjika mkono, mimi mbavu mbili.

Sasa bima. Thadi pati yangu hainilipi gari yangu, hiyo nilijua. Nilitakiwa kudai kwa upande wa trela. Abstrakti, ile karatasi ya polisi ya ajali, iliandika wazi kwamba dereva wa trela ndiye mwenye makosa, akashtakiwa korti ya Molo, akakubali. Nikadhani imeisha. Nikaenda kwa bima ya trela, wakaniuliza logibuku, hati ya umiliki wa gari. Logibuku bado ilikuwa jina la marehemu! Miaka minne sikuwa nimebadilisha. Wakaniambia mama, wewe huna gari, gari ni ya mtu mwingine. Nilitoka pale nikakaa kwa ngazi nikalia. Gari nimeiendesha, nimeinunulia tairi, nimeilipia bima, na sina gari.

Ilibidi nianze mirathi. Barua ya chifu, cheti cha kifo, watoto kusaini, gazeti la serikali, kungoja. Karibu mwaka mzima. Wakati huo gari iko kwa yadi na yadi inahesabu siku. Nilipopata karatasi za usimamizi wa mali ya marehemu, wakaniambia watalipa 90,000 kwa sababu gari ni kuukuu. Wakili mmoja mdogo, kijana wa kanisani kwetu, ndiye aliniambia niende Mahakama ya Madai Madogo pale Nakuru, inasikiza kesi mpaka shilingi milioni moja na inatakiwa kumaliza ndani ya siku 60. Na akanieleza kwamba unamshtaki mwenye trela, sio kampuni ya bima, lakini lazima kampuni ya bima ipewe notisi kwa maandishi kabla ya kufungua kesi au ndani ya siku 30 baada ya kufungua, la sivyo wanakwepa kulipa ile hukumu. Nilibeba picha, risiti za kila tairi, ripoti ya asesa wangu mwenyewe. Nilipata 240,000 na gharama. Mama mkwe alikuja siku ya hukumu akiwa amevaa viatu vipya.

Wamama wenzangu, kama logibuku bado iko kwa jina la mtu mwingine, awe amekufa au alikuuzia tu, anza kesho asubuhi.

OmeraNyamasaria
Mama umenitoa machozi. Hata sikumbuki tena nilitaka kuuliza nini.

DadaKondele
Pole sana mama. Mkono wa bibi ulipona?

MamaViazi
Ulipona, asante. Ukiona mvua inataka kunyesha anakuambia kabla ya redio.

ProboxLuanda
Mimi bima walinikatalia kabisa. Probox yangu ilikuwa na komprehensivu, ikagongwa kati ya Luanda na Maseno, asesa akaja, picha zikapigwa, baada ya mwezi barua ikasema hawalipi hata shilingi. Wezi tu.

BrokaKisumu
Sababu waliandika gani?

ProboxLuanda
Eti nilikuwa nimebeba abiria.

BrokaKisumu
Ulikuwa umebeba abiria wa kulipa na bima ni ya gari ya kibinafsi?

ProboxLuanda
Kila Probox ya Luanda inabeba watu, wanajua, si wanaona. Kwani hao ajenti hawapandi?

MwalimuWaMbale
Ndugu, hapo makosa ni yako. Na wale abiria je, wakiumia, nani anawalipa?

ProboxLuanda
Mwalimu wewe una mshahara. Mimi nalisha watu saba na hiyo gari. Bima ya kubeba abiria ni pesa ngapi unajua?

MwalimuWaMbale
Najua ni kubwa. Nilimzika mwanafunzi wangu aliyekuwa ndani ya Probox. Watu kumi na mmoja ndani yake. Sitabishana nawe zaidi.

ProboxLuanda
Pole mwalimu. Sikujua.

MzeeWaKericho
Vijana, turudi kwa mwenye NZE. Yeye ndiye ana Ijumaa. Mwanangu, usiweke sahihi kwa ile hati ya kukubali malipo. Ukishaandika umekubali kuwa ni malipo kamili na ya mwisho, mlango umefungwa. Tafuta asesa wa kujitegemea akupimie bei ya gari ilivyokuwa kabla ya ajali, sio ilivyo sasa. Utamlipa elfu chache. Beba risiti za matengenezo, tairi mpya, betri, kila kitu. Andika barua kwamba unapinga bei, ambatisha ripoti, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Sheria ya bima inawapa siku 90 za kulipa dai, hiyo Ijumaa yao haiko kwa sheria. Wakikataa kujibu, Mamlaka ya Kudhibiti Bima inapokea malalamiko bila malipo.

FundiShabab
Mzee amesema. Na uliza gari inalala wapi na nani analipa. Kuna garaji zinatoza kwa siku, ukibishana miezi mitatu hela yote imeenda kwa parking.

OmeraNyamasaria
Mimi nilisaini siku hiyo hiyo juu nilikuwa na karo ya shule. Mtu akiwa na shida anasaini.

BrokaKisumu
Ongeza hii: omba pia wakurudishie tofauti ya ile premiamu, ada ya bima, uliyolipa juu ya thamani ambayo wao wenyewe wanasema haipo. Si lazima wakubali, lakini waulize kwa barua. Nimeona mteja mmoja akirudishiwa. Na dada wa Kondele, maneno yako nimeyasikia. Kuanzia sasa kila mteja wa gari ya zaidi ya miaka kumi nitampigia kabla ya kulipia tena.

DadaKondele
Sawa. Nitafute mwezi wa nane, yangu ndio inaisha.

NzeWaNgata
Asanteni nyote, na mama wa Elburgon Mungu akulinde, nimemsomea mke wangu hadithi yako akanyamaza kabisa. Sijasaini. Asesa wa kujitegemea alikuja jana, alichukua 7,000, akakaa na gari saa moja na nusu, akaingia hadi chini. Ameandika bei kabla ya ajali ni 510,000, kwa sababu injini ilikuwa safi na tairi nne nilinunua mwezi wa pili na risiti niko nazo. Barua nimepeleka, imepigwa muhuri, nimeuliza na ile tofauti ya premiamu. Yule msichana wa kaunta aliisoma mara mbili, akaingia ndani, akarudi akasema meneja atanipigia Jumanne. Milango nimejaribu vile fundi alisema. Wa dereva unagusa juu. Wa abiria unafunga vizuri kabisa.

KijanaWaPipeline
Pole bro. Huo mlango wa abiria ukiamua kuuza nitafute, yangu pia ni NZE. Hiyo yako ni ya rangi gani?

NzeWaNgata
Silva. Lakini ngoja kwanza Jumanne ipite.