Harrier: paipu ya AC inatoa jasho, ndani hewa ya moto. Fundi anataka nibadili kompresa

Msafiri wa Nyegezi
Wakuu habari za usiku. Nina Harrier ya 2004, ile wanayoiita tako la nyani, AC yake ni ile ya kuweka namba ya joto kisha inajipanga yenyewe. Jumamosi natoka Sengerema na mama mkwe. Tunamaliza tu daraja la Kigongo–Busisi, nikasikia nyuma ya dashibodi "tak-tak-tak-tak", kama mtu anagonga kucha mezani. Sekunde kumi hivi, kisha kimya. Tangu hapo matundu yote yanatoa hewa ya moto. Nikashusha hadi 18, moto ule ule. Mama mkwe alivumilia mpaka Usagara, ndipo akauliza kwa upole kama vioo vya gari hili huwa vinashuka.

Fundi wa kwanza kasema gesi imeisha. Kajaza, elfu sitini ikaenda, hakuna kilichobadilika. Wa pili kasimama pembeni kasikiliza injini, hata boneti hakufungua, kasema kompresa imekufa, niandae laki nne na nusu ya used. Upepo wenyewe unatoka kwa nguvu zote. Kabla sijatoa hiyo hela naomba mawazo yenu, isije nikapasuliwa moyo kumbe ninaumwa jino.

Kijana wa Mabatini
Uza, chukua IST. Nimemaliza.

Mzee Mzima
Huyo wa kwanza kakupunja gesi mkuu. Rudi akuongezee.

Spana Kumi na Nne
Asiongezewe kitu. Gesi ikizidi nayo inaua ubaridi, na hapo ndipo kompresa inateswa kweli.

Mkuu, fanya hivi asubuhi. Washa gari, washa AC, iache dakika tano. Fungua boneti, tafuta paipu mbili za alumini zinazoingia kwenye ukuta kati ya injini na kabini, moja nene, moja nyembamba. Shika ile nene. Shati lisiwe linaning'inia, mkanda wa feni haujui kama wewe ni mwenye gari. Halafu rudi hapa useme umeshika nini.

Msafiri wa Nyegezi
Nimeshika. Baridi kabisa, ina jasho kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Na chini ya gari kuna kidimbwi cha maji. Nikirudi ndani, moto!

Spana Kumi na Nne
Basi laki nne na nusu yako irudishe mfukoni. Kompresa isiyofanya kazi haitoi jasho kwenye paipu. Ubaridi unatengenezwa vizuri, unaharibiwa ukiwa njiani kuja kwako.

Ndani ya dashibodi hewa inapita kwanza kwenye kipoza, kile kinachodondosha maji chini. Mbele yake kuna rejeta ndogo ya hita, ndani yake yanazunguka maji ya injini, nyuzi 80 hadi 90 huko. Kati ya hivyo viwili kuna kijimlango cha plastiki. Kikifunga upande wa hita unapata baridi, kikifungua hewa ile ile iliyopozwa inapitishwa kwenye moto. Kinachokisukuma ni kimota chenye gia za plastiki. Ile tak-tak uliyosikia ni gia iliyovunjika meno inaruka. Nakisia mlango wako umebaki wazi upande wa hita.

Kukisia si kupima, kwa hiyo usinunue bado. Kama gari lako ni kama Toyota nyingi za miaka hiyo, linajipima lenyewe. Swichi ya ufunguo wa gari ikiwa imezimwa, bonyeza kwa pamoja AUTO na kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, vishikilie, kisha fungua swichi mpaka ON. Taa zote zitapepesa mara nne, halafu zitakuja namba. 00 maana yake hakuna kosa. Ukimaliza bonyeza OFF.

Msafiri wa Nyegezi
Imekubali! Nimepima jioni hii nyumbani chini ya mwembe. Zimekuja 21 na 41. Nimegugo, 21 ni sensa ya jua. Nimeshampigia mtu wa spea, anayo ya elfu arobaini. Nichukue?

Dereva wa Geita
WEWE USICHUKUE. Ile sensa ipo juu ya dashibodi chini ya kioo cha mbele, kazi yake kuona jua. Umepima jioni, tena chini ya mwembe, ulitaka ione nini? Gizani 21 inakuja hata kama sensa ni nzima. Mimi niliinunua mwaka juzi kwa ujinga huo huo. Rudia saa sita juani.

Msafiri wa Nyegezi
Nimerudia juani. 21 imepotea, 41 imebaki.

Spana Kumi na Nne
41 ni huo mlango, unaamriwa usogee hausogei. Unaweza kuhakikisha kwa njia ya kishamba pia: injini ikiwa ya baridi, bana mpira wa maji unaokwenda kwenye hita kwa klempu, weka kitambaa usiuchane. Washa gari na AC. Hata injini ikipata moto, kama ndani kunabaki baridi, kesi imefungwa.

Bi Nyakato
Kwenye kununua: kimota kina stika, namba za Toyota za kitu hicho huanza na 87106. Nenda nacho mkononi, usiende na picha. Hesabu pini za soketi, vipo vya tano na vya tatu, na kwa macho vinafanana kama mapacha. Na mwambie muuzaji akizungushe kwa betri mbele yako.

Msafiri wa Nyegezi
Mrejesho wakuu. Nilibana mpira, ndani pakawa baridi mpaka mtoto akaomba sweta. Jana tumekitoa na fundi umeme, skrubu tatu tu, ila mkono unaingia mmoja na huoni unachoshika, imechukua saa mbili na matusi kadhaa. Nimekipasua: gia kubwa imekatika meno manne, vipande vimelala kwenye grisi. Duka la kwanza walinipa cha pini tatu, changu kina tano, Bi Nyakato nakushukuru sana. Cha pili elfu thelathini na tano. Sasa nyuzi 18 ni 18 kweli.

Fundi wa pili nimempelekea ile gia. Kaitazama, kaniambia "na kompresa nayo iko njiani".

Swali la mwisho. AC ikiwaka gari lote linanuka dagaa. Kweli huwa nabeba magunia kutoka Mwaloni Kirumba, lakini mwezi huu sijabeba.

Dereva wa Geita
Fungua ile droo ya mbele ya abiria, ishushe, nyuma yake kuna chujio la hewa. Litoe. Ukiliona utajua mwenyewe kama dagaa wameisha.

Msafiri wa Nyegezi
Nimelitoa. Mama mkwe asione hii picha.